Gogo Chini ya Injini

Jumapili, 12 Mei
Presha 132 kwa 84. Daktari kasema niandike kila siku, asubuhi, nikishakaa kimya dakika tano. Dakika tano! Mtu anayekaanga chapati za mayai za kuuza tangu saa kumi na moja alfajiri akae kimya wapi? Namba ni mbili tu na mistari ni mingi, basi nafasi iliyobaki nitaijaza maneno yangu. Mume wangu Kuo-tung anasema nikiandika kama ninavyoongea, daftari halitafika Juni.

Jumatatu, 13 Mei
130 kwa 84. Mvua.

Alhamisi, 16 Mei
131 kwa 85. Mvua za plamu zimeingia kweli. Kila mwaka zinakuja plamu zikiiva huko milimani, na haziondoki mpaka nguo zote za kabatini zinuke ukungu. Wateja wanakula wamesimama barazani, miavuli yao inachuruzika sakafuni mwangu, na mimi natabasamu tu.

Baba mkwe hajali mvua. Amehamia uani chini ya bati na pikipiki yake. Mzee Chiu Tien-fa, miaka sabini na miwili, alipeleka barua kwa pikipiki mji mzima huu wa Pingtung miaka thelathini na minne, na alipostaafu akaanza kuitengeneza ya kwake kana kwamba kesho ana zamu. Hakuna fundi aliyewahi kuigusa.

Leo nilisimama na chai yake nikamtazama akiipandisha. Hanyanyui kwa mgongo. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria, mguu wa kulia unakanyaga stendi kubwa, halafu anaiachia stendi uzito wake wote na pikipiki inapanda yenyewe. Akitaka kufanya kazi mbele, anapakia gunia la mchele la kilo ishirini kwenye keria ili mbele inyanyuke. Kisha anasukuma gogo chini ya injini. Ni gogo la mti wa longani, urefu wake shubiri moja, juu kalipigilia kipande cha mpira wa tairi ili lisiteleze. Wanawe walilikuta gogo hilo walipozaliwa.

Mwisho anatikisa. Anashika usukani na kutikisa kushoto, kulia, mbele, nyuma, kwa nguvu mpaka vyombo vyangu rafuni vinalia.

"Baba, chai inapoa."

"Chai haina magurudumu, haitakimbia. Ngoja nitikise. Kama ni kuanguka ianguke sasa, mikono yangu ikiwa huku juu."

"Na ukiacha kutikisa siku moja tu?"

"Hiyo siku moja ndiyo yenyewe."

Ijumaa, 24 Mei
133 kwa 85. Wifi Li-hsiang kapiga simu. Atakuja na treni kutoka Kaohsiung kwa Sikukuu ya Duanwu, siku ya zongzi na sadaka kwa wazee, kama kila mwaka. Ni naibu mwalimu mkuu, na nyumba yangu huikagua kama daftari la mwanafunzi mvivu. Aliuliza kama mwaka huu tutakuwa na zongzi "za kwetu", yaani za kusini. Mimi ni mtu wa kaskazini. Kwetu mchele unakaangwa kwanza ndipo unafungwa kwenye majani ya mianzi. Huku kusini wanafunga mchele mbichi na kuchemsha. Nimeolewa hapa miaka kumi na minane na bado zongzi zangu hazijapata uraia.

Jumatano, 5 Juni
136 kwa 88. Nimefunga zongzi themanini. Kwa mtindo wa kwetu. Liwalo na liwe.

Ijumaa, 7 Juni
Sikupima.

Jumamosi, 8 Juni
149 kwa 96. Niandike, nisipoandika nitapasuka. Daktari akitaka namba nitamnakilia kwenye karatasi nyingine. Daftari hili halionwi na mtu.

Jana asubuhi Baba alianza kushughulikia breki za mbele. Nikamwambia, "Baba, leo sikukuu." Akasema breki hazijui sikukuu, na kesho yake alitaka kwenda kumsalimia mama yenu, maana majivu ya mama mkwe yako hekaluni, kule juu kwenye kilima, na barabara inateleza. Basi akapandisha pikipiki, akapakia gunia, akasukuma gogo kwa mguu, akatikisa. Nilimwona kwa macho yangu mawili akitikisa. Akafungua nati ya ekseli, akakuta ekseli yenyewe imeshika kutu, akaimwagia oili na kuiacha ilainike. Akaenda kuoga kwa ajili ya sadaka ya mchana.

Meza ya sadaka kwa wazee waliotangulia huwa tunaiweka katikati ya ua. Jana mvua ilikataa. Tukaisogeza chini ya bati, lakini mahali pote palipo sawa palikuwa pamekaliwa na pikipiki, na mguu mmoja wa meza ukazama kwenye mfereji wa maji. Chetezo kikainama. Vile vikombe vitatu vya mvinyo vikaanza kuteleza kwenda ukingoni. Wifi amesimama na vijiti vya udi mkononi, ananiuliza:

"Wifi, wazee watakunywa mvinyo sakafuni?"

"Ngoja nitafute tofali."

"Tofali saa hizi? Saa sita inafika! Weka kitu chochote chini ya huo mguu!"

Kule barazani Baba alikuwa na watoto wa majirani wakisimamisha mayai yangu. Saa sita mchana ya Duanwu yai linasimama wima lenyewe, kila mtu huku anajua. Nikamsikia akipiga kelele, "Limesimama! Msipumue!"

Mfereji una kina cha shubiri moja. Gogo lina shubiri moja. Nililiangalia, nikainama, nikalivuta. Lilikuwa limebana kidogo, mpira ukalia kwenye chuma, likatoka. Pikipiki haikusogea hata unywele. Gunia liko nyuma, gurudumu la mbele liko hewani, imetulia kabisa. Nikajiambia, saa sita ya leo hata yai linasimama, itakuja kuanguka pikipiki? Nitalirudisha tukimaliza kula. Na nikacheka. Nilicheka peke yangu nikiwa nimeshika gogo la watu.

Tukatoa sadaka, tukawachomea wazee pesa za karatasi, tukala. Wifi akafungua zongzi, akaonja, akasema, "Tamu. Ila hii si zongzi, wifi. Huu ni wali wa kukaanga umevaa jani." Kuo-tung akacheka. Mume wangu mwenyewe akacheka! Damu ikanipanda, nikakusanya vyombo nikaenda kuviosha kwa fujo ili kila mtu asikie. Gogo lilinitoka kichwani kabisa. Lilifukuzwa na wali uliovaa jani.

Nikasikia nyundo uani, ta, ta, ta. Halafu kishindo, wala si kikubwa. Halafu sauti ya Baba, bila kelele: "Kuo-tung. Kuo-tung, hebu njoo."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya pikipiki, miguu huku na huku, akivuta gurudumu kuja kwake. Ukiivuta mbele pikipiki iliyo juu ya stendi kubwa, stendi inajikunja. Gogo linakuwepo kwa ajili ya hapo. Jana halikuwepo, chuma chote cha mbele kikashuka juu ya mguu wake wa kushoto. Mifupa mitatu ya wayo ikavunjika.

Kuo-tung na wifi waliondoka naye kwenye gari la wagonjwa. Mimi nikabaki na ua, na meza, na gogo limesimama mferejini limebeba mguu wa meza. Nikalitoa. Nikalifuta kwa kitambaa. Nikaliweka kwenye rafu yake, pale linapokaa siku zote lisipotumika. Nataka kuandika kwamba sikuwaza. Nisilidanganye hata daftari: niliwaza. Niliwaza uso wa wifi.

Walirudi saa kumi na moja jioni, plasta mpaka chini ya goti. Baba akasimama uani na magongo yake, akatazama pikipiki iliyolala, akatazama chini ya injini, akatazama huku na huku, kisha akatazama rafuni.

"Gogo liko rafuni," akasema.

Akarudi kutazama chini ya injini.

"Basi sikuliweka."

Nilikuwa nimeshika mfuko wa dawa zake. Ningeweza kusema pale pale. Nikasema, "Baba, kaa, nikuletee maji."

Jumapili, 9 Juni
151 kwa 97. Mvua. Sikusema.

Jumanne, 11 Juni
147 kwa 95. Wifi karudi Kaohsiung. Kabla ya kuondoka alinivuta jikoni akaniuliza kama Baba amekuwa akisahau vitu siku hizi. Nikasema hapana. Akasema, "Mama naye alianza hivi hivi. Kitu kimoja. Kitu cha kila siku."

Mama mkwe alipotewa na akili miaka minne kabla ya kufa. Mwishoni hakumjua mumewe. Alimwona kama mtu wa posta tu, na kila siku alimuuliza, "Bwana, leo hakuna barua yangu?" Baba akawa anamwandikia barua kila asubuhi na kumpelekea mchana, amevaa ile sare yake ya kijani. Mimi ndiye niliyekuwa napiga pasi sare. Kwa hiyo nisiseme sikujua nilichomfanyia mzee huyu.

Leo amekaa uani anaiigiza siku ile. "Nakumbuka nilisukuma kwa mguu. Hivi. Nikatikisa." Anautazama mguu wake. "Lakini pengine nakumbuka ya mwaka jana. Mama yenu pia alikuwa anakumbuka, unajua? Alikuwa na hakika kabisa."

"Mtu akiwa na haraka, Baba, anaweza—"

"Sikuwa na haraka asubuhi. Kama sikuliweka nilitikisa nini? Ningetikisa bila gogo nisione?" Akanitazama kwa ile sura ya mtu anayeomba asaidiwe. Nikakimbilia chapati zangu, na saa ile hakukuwa hata na mteja.

Ijumaa, 14 Juni
148 kwa 95. Mvua, mvua.

Jumatatu, 17 Juni
150 kwa 96. Baba ameanza kubandika karatasi. Ana mwandiko mzuri wa mtu wa posta, herufi kubwa zilizosimama sawasawa. Kwenye jiko: GESI IMEZIMWA SAA MBILI NA ROBO. Kwenye mlango wa nyuma: NIMEFUNGA. Kwenye kopo la dawa: NIMEKUNYWA YA ASUBUHI. Wateja wanacheka, wanasema mzee kafungua tawi la posta humu ndani. Yeye naye anacheka nao. Wakiondoka anarudi jikoni kuchungulia gesi.

Alhamisi, 20 Juni
153 kwa 98. Nimemwambia Kuo-tung. Nilimwambia garini tukienda kununua unga, wipa zinafagia mvua, nikaona afadhali asinitazame. Nilimweleza yote, mpaka kicheko changu.

Taa ikawa kijani, watu wakapiga honi, ndipo akaondoa gari. Kisha akasema, "Nyamaza."

"Ninyamaze vipi? Anadhani amepata ugonjwa wa mama."

"Mguu utapona, atasahau."

"Ndicho anachokiogopa, Kuo-tung! Kusahau!"

"Dada atakumaliza. Atanimaliza na mimi. Miaka yote ya sikukuu tutaliwa nyama. Acha kwanza plasta itoke."

Siku zote nimesema mume wangu ni mpole. Leo nimeona ni mtu anayependa chakula kisipoe. Na nisijifanye bora, maana nilipomsikia akisema nyamaza, moyo wangu ulishuka mahali pake. Nilifurahi kuamriwa.

Jumapili, 23 Juni
149 kwa 97. Jua saa moja nzima! Nikaanika magodoro. Baba alitoka na magongo, akakaa kando ya pikipiki bila kuigusa. Zamani akipita karibu nayo lazima aguse kitu.

Jumatano, 26 Juni
158 kwa 99. Nimepata karatasi mpya. Iko kwenye kioo cha bafuni, pale anaponyolea ndevu. KAMA HUNA HAKIKA, MUULIZE YUEH-CHIN.

Nimesimama mbele yake mpaka mswaki ukakauka mdomoni.

Ananiuliza kweli. "Yueh-chin, nimekula?" "Umekula, Baba." "Yueh-chin, jana nilisema nini kuhusu paa?" Mzee huyu aliyejua jina la kila mtu na mbwa wake katika mitaa sita sasa anaazima kumbukumbu kutoka kwangu. Kaazima kwa mwizi.

Jumanne, 2 Julai
155 kwa 98. Wifi kaja, tumempeleka Baba kupimwa kumbukumbu. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi kama mwanafunzi. Alichora uso wa saa kwenye magazeti, maana kule huchorishwa saa. Alikariri maneno matatu matatu nikimsikiliza: samaki, mwavuli, kiti. Nyumbani hakukosa hata moja.

Kule daktari, msichana mpole, alimpa maneno matatu na kumtaka arudie baada ya dakika chache. Baba alihesabu kwa vidole. Akasema mawili. La tatu halikuja. Akanigeukia mimi. Mbele ya daktari, akanigeukia mimi na kuniuliza kwa macho.

Daktari akasema hapo hakuna la kusema bado, halali vizuri, ana hofu, arudi baada ya miezi mitatu. Baba hakusikia hayo. Alisikia mawili kati ya matatu.

Njiani akasema, "Lilikuwa treni." Akarudia mpaka tunafika nyumbani. Treni. Treni.

Ijumaa, 5 Julai
157 kwa 100. Anauza pikipiki. Kaamua mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Kampigia Fan, fundi wa mtaa wa pili, aje kuichukua Jumatano.

"Baba, subiri upone kwanza."

"Mguu utapona. Mtu asiyejua kama ameweka gogo anaweza asijue kama taa ni nyekundu. Nikimgonga mtoto wa mwenzangu?" Alisema kwa utulivu, ndiyo maana sikuweza kubishana. Mtu mzima anaamua jambo la haki kwa sababu ya uongo wangu.

Nilimkuta wifi jikoni akilia juu ya sinki. Wifi Li-hsiang! Amefungua bomba ili asisikike. Miaka kumi na minane sijawahi kuona pua yake imelowa. Akaniambia bila kugeuka, "Kwa Mama nilichelewa. Nilikuwa nakuja sikukuu kwa sikukuu, natafuta makosa ya nyumba, kumbe Mama ndiye alikuwa anapotea. Safari hii nataka kuwa mapema." Kisha akafuta uso na kusema sinki yangu inahitaji kusuguliwa. Hata sikukasirika. Nilitamani angenitukana zaidi.

Jumanne, 9 Julai
161 kwa 101. Kesho.

Jumatano, 10 Julai
Sikupima.

Fan alikuja saa nne na pikapu yake. Mvua zimekwisha tangu juzi, ua umekauka, joto limebana. Wifi alikuwepo. Kuo-tung aliomba ruhusa kazini. Baba amevaa shati safi. Alikuwa ameipangusa pikipiki tangu asubuhi, akiwa amekaa, mpaka pale ulipofika mkono wake. Funguo alizitia kwenye bahasha na kuandika juu yake jina la Fan na anwani, kana kwamba anaituma.

"Na gogo nalo uchukue," akamwambia. "Linaifaa injini hii tu. Yueh-chin, lete gogo."

Nikaenda rafuni. Nikalishika. Kwenye ule mpira wa juu kuna alama ya duara, mpira umekatika, kubwa kama kizibo. Mguu wa meza ile ni bomba la chuma. Nilikuwa sijawahi kuiona, siku ile nilifuta bila kutazama. Imekaa hapo wiki tano, mtu yeyote angeweza kuiona. Nikarudi nimelikumbatia kama mtoto, na Kuo-tung akaniona uso, akatikisa kichwa taratibu: usiseme.

"Baba," nikasema. "Gogo uliliweka."

"Nini?"

"Siku ya Duanwu. Uliliweka. Ukatikisa, nikakuona. Mimi ndiye niliyeliondoa. Meza ilikuwa imeinama, nikaliweka chini ya mguu wa meza, nikasahau kulirudisha. Ulipoumia nikalipeleka rafuni ili lisionekane. Hukusahau kitu, Baba. Tazama, alama ya meza hii hapa."

Fan akatafuta pa kuangalia, akachagua bati.

Baba akanyoosha mkono, nikampa gogo. Akatia ncha ya kidole kwenye lile duara akaizungusha.

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika tano. Ulikuwa na mayai barazani."

"Kwa hiyo nilikuwa nimeliweka."

"Uliliweka, Baba."

"Nililisukuma kwa mguu."

"Kwa mguu. Nilikuona."

"Nililisukuma kwa mguu," akamwambia Fan. Akamwambia Kuo-tung. Machozi yakawa yanamtoka tu, hayafuti, na mdomo unacheka. Nilidhani yameisha hapo. Kisha akanigeukia, na kicheko kilikuwa kimeondoka.

"Wiki tano, Yueh-chin."

"Baba, nisamehe."

"Mguu si kitu. Mguu nilikosa na mimi, sikutikisa upya nilipokaa. Lakini wiki tano kila asubuhi najitazama kwenye kioo namtafuta mama yenu usoni mwangu. Na wewe unanipa chai! Nakuuliza, na unanijibu!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Nani mwingine alijua?"

Kuo-tung akainamisha kichwa, ikawa jibu.

Baba akachukua ile bahasha ya funguo kutoka mkononi mwa Fan. Akaingia ndani na magongo yake, tukamsikia anabandua karatasi. Za jikoni, za mlangoni. Ya kwanza kabisa ilikuwa ile ya bafuni.

Nilingoja wifi anipasue. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Weka kitu chochote. Nilisema mimi. Weka kitu chochote." Akavuta kigoda akakaa. Fan akasema basi yeye anaenda, na akaondoka na pikapu tupu.

Alhamisi, 11 Julai
139 kwa 90. Inaniudhi kwamba imeshuka. Mwili hauna aibu. Baba hasemi nami. Chai yake anajitengenezea mwenyewe, kwa magongo, ananimwagia sakafu nzima, nami napangusa nyuma yake kimya.

Ijumaa, 12 Julai
138 kwa 90. Hasemi.

Jumapili, 14 Julai
137 kwa 88. Hasemi. Wifi kapiga simu, si kwa Kuo-tung, kwangu. Kauliza Baba analala? Nikasema analala, anakoroma mpaka barazani. Kisha akauliza mchele wa zongzi zangu huwa naukaanga dakika ngapi. Sijui anataka nini. Nilimwambia.

Jumatano, 17 Julai
137 kwa 87. Mteja kamuuliza Baba mbona karatasi zimetoka, posta imefungwa? Akasema, "Imefungwa. Kulikuwa na barua iliyochelewa kufika." Hakunitazama. Nilikunja chapati ya mtu vibaya ikanibidi nikaange nyingine.

Jumapili, 21 Julai
134 kwa 86. Plasta ilitoka Ijumaa. Mguu umekonda, umepauka, anaukanyagia kwa woga.

Leo baada ya wateja nilikuwa nasugua bamba la kukaangia nikasikia, "Yueh-chin." Jina langu, siku ya kumi na moja. Nilitoka na povu mikononi.

Amesimama kando ya pikipiki. "Mguu hauwezi kukanyaga stendi. Panda wewe."

Nikafuta mikono. Nikashika usukani na keria, nikaanza kuvuta juu kwa nguvu zangu zote, haikuondoka.

"Usinyanyue. Nani kakwambia unyanyue? Kanyaga. Miguu yote miwili ya stendi iguse chini kwanza, sikiliza. Sasa simama juu yake, wewe si mwepesi."

"Ahsante, Baba."

"Sikusifii. Kanyaga."

Nikakanyaga, na ikapanda. Ilipanda yenyewe kweli, kwa urahisi ambao miaka kumi na minane nilidhani ni ufundi wake. Nikapakia gunia. Gurudumu likanyanyuka. Nikaleta gogo nikalisukuma chini ya injini kwa mguu, lile duara limeangalia juu. Hajalibadilisha mpira.

"Tikisa."

Nikatikisa kushoto kulia.

"Unambembeleza mtoto? Tikisa!"

Nikatikisa mpaka vyombo vyangu vikalia rafuni.

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya gurudumu, akatandaza miguu yake miwili huku na huku, mzima na uliokonda. Akashika nyundo. Kisha akasimamisha mkono.

"Umeliweka?"

Alikuwa ameniona nikiliweka. Lilikuwa mbele ya macho yake. Lakini aliuliza, akanitazama, akangoja.

"Nimeliweka, Baba."

Akainama kwa shida, akashika goti, akachungulia mwenyewe chini ya injini. Sikuumia moyoni. Akajiinua, akaanza kugonga ekseli, na mimi nikaushika usukani kwa mikono miwili mpaka akamaliza, ingawa ilikuwa imesimama vizuri na hakuna aliyeniambia nishike.